Jozi Mbili za Makubadhi

Video yenyewe ilikuwa fupi, wala hakuna uso ulioonekana ndani yake. Ni miguu tu. Miguu ya mwanamke, imepakwa hina mpaka kwenye vifundo, ndani ya makubadhi mekundu. Kando yake miguu mipana ya mwanamume, ndani ya makubadhi ya ngozi ya kahawia. Imesimama juu ya ngazi za mawe kwenye kichochoro cha mtaa wa Kibokoni, jua la asubuhi likiipiga. Mwanamume anasogea kidogo, kama mtu aliyeambiwa ajipange vizuri mbele ya kamera. Kidole chake kinagusa kidole cha mwanamke. Hakiondoki. Cha mwanamke nacho hakiondoki.

Basi. Hapo video inakwisha.

Sabira binti Ghulam, mwenye ile miguu ya hina, angeweza kukikata kile kipande cha mwisho. Tangu aufungue ukurasa wa mtandaoni wa duka la makubadhi la babake alikuwa amejifunza kukata video, kuziunganisha na kuzitia maneno, na hakuna aliyemshinda kwa hilo Mji wa Kale mzima. Alikitazama kipande kile tena na tena, mashavu yakimuwaka. Alijua kabisa watu watasema nini. Kisha akaiposti video nzima vilevile ilivyo, akaweka simu kifuani, akafumba macho.

Kufikia Alasiri ya siku ya pili, mji ulikuwa hauna habari nyingine. Video ilikuwa kwenye stetasi za WhatsApp za watu asiowajua hata kwa sura. Oda zilimiminika kutoka Nairobi, Lamu, Maskati. Na chini ya kila oda kulikuwa na swali lile lile: mguu wa nani ule wa kiume?

Sabira alimjua mwenye mguu kuliko alivyotaka kukiri. Ngowa alikuwa fundi wa mitambo ya barafu kule Liwatoni, panapohifadhiwa samaki. Miezi kadhaa nyuma alinunua makubadhi kupitia ukurasa, kisha akaandika kwenye maoni, mbele ya wafuasi wote: "Yapendeza lakini yauma." Sabira naye akamjibu hapo hapo: "Lete mguu tuupime." Akauleta kweli. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, akamwambia, "Nilidhani mwenye ukurasa huu ni mtu mzima mwenye ndevu." Sabira alicheka mpaka babake akachungulia kutoka chumba cha nyuma. Tangu siku hiyo makubadhi ya Ngowa yakawa hayaishi kuharibika. Leo ukanda umelegea, kesho uzi umekatika. Na kila alipokuja, Sabira alikuwa ameshaisikia hatua yake akiwa bado kwenye kona ya kichochoro.

*

"Dada yangu yuko njiani," alisema Mzee Ghulam Alasiri ile, bila kuinua kichwa kutoka kwenye ngozi aliyokuwa akiikata. "Yuaja na Kamaludin. Wajua wanachokuja kukitaka."

"Najua, Baba."

"Basi ifute ile video kabla hawajakaa."

Sabira alikuwa amesimama mbele ya rafu, akipanga masanduku ya oda za siku hiyo. Aliendelea kuyapanga. "Ina kosa gani?"

"Usinifanye mtoto, Sabira. Nilikupa sharti moja tu ulipoanza mambo haya ya mitandao. Nilisemaje?"

"Ulisema uso wangu usionekane. Na haukuonekana."

"Uso haukuonekana." Mzee Ghulam alikiweka kisu chini, akamtazama bintiye kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Lakini kila aliyeitazama ameuona moyo wako."

Babake hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa ameshona makubadhi katika chumba kile tangu utotoni, kama babake kabla yake, na ndara za plastiki zilipoujaa mji akakaa kimya vivyo hivyo, akiwaachisha kazi mafundi wake, huku rafu zikijaa vumbi. Ni Sabira aliyeirekodi mikono yake ikishona, akaionyesha dunia. Mafundi walikuwa wamerudi sasa. Nyundo zao zilisikika chumba cha nyuma.

"Mguu ule wa pili ni wa nani?" aliuliza Mzee Ghulam.

"Ni wa Ngowa."

"Ngowa yule mteja? Yule wa Liwatoni?"

"Ndiye."

Mzee Ghulam alipumua kwa nguvu. "Si mtu wa jamaa wala kabila letu, mwanangu."

"Ni Muislamu, Baba. Ijumaa mlisimama safu moja, bega kwa bega. Ulirudi ukanihadithia wewe mwenyewe vile alivyokudaka mkono ulipoteleza penye udhu. Ukasema, kijana yule amelelewa."

"Msikitini ni msikitini. Nyumbani ni nyumbani."

"Hebu nionyeshe basi ni nani aliyeujenga huo ukuta kati ya msikiti na nyumba yetu. Kama ni Mwenyezi Mungu, nitanyamaza."

"Sabira!"

"Kama ni watu, sinyamazi."

Mzee Ghulam alikuwa ameinuka kitini kumkaripia, lakini alichelewa. Kivuli cha buibui kilikuwa kimeshaangukia mlangoni.

*

Bi Hussaina hakungoja kukaribishwa. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akavua miwani ya jua, akajipepea kwa ncha ya mtandio. Nyuma yake aliingia mwanawe Kamaludin, shati limepigwa pasi likasimama, harufu ya marashi yake ikalijaza duka lote. Kamaludin alikuwa na duka kubwa la viatu vya kutoka ng'ambo, na hakuna mtu Mji wa Kale asiyeambiwa hivyo na mamake.

"Masalkheri, Mjomba," alisema kwa adabu, akaubusu mkono wa Mzee Ghulam.

"Masalkheri, mwanangu. Karibuni. Sabira, waletee chai."

"Chai baadaye," Bi Hussaina alisema. "Kwanza nishushe nilichonacho rohoni. Ghulam, ndugu yangu, wajua video ile nimeonyeshwa wapi? Harusini! Wanawake wanapokezana simu kama sahani ya halwa. Huyu acheka, yule aninong'oneza, Bi Hussaina, si miguu ya mtoto wa nduguyo ile? Nilitamani ardhi inimeze."

"Walisema makubadhi yamewapendeza, Shangazi?" Sabira aliuliza.

"Ati?"

"Nauliza tu. Ndiyo tunayouza."

Bi Hussaina alimgeukia nduguye. "Wamsikia? Huyu ndiye niliyekuja kumsitiri."

"Kunisitiri na nini?"

"Na ndimi za watu! Kamaludin yuko tayari kukuoa hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo vipi, Shangazi? Mimi nina kilema gani?"

"Nyamaza, Sabira," Mzee Ghulam alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. "Kamaludin, mwanangu, sema wewe."

Kamaludin alikohoa kidogo. Alikuwa na namna ya kuzungumza polepole, kama muuzaji aliyezoea wateja wagumu. "Mjomba, masharti yetu ni madogo. Kwanza, zile video za miguu zifutwe zote. Mke wangu sitaki atazamwe na kila mwenye bando la simu."

"Ni haki yako," alisema Mzee Ghulam.

"Pili, Sabira asishughulike tena na mitandao. Akae nyumbani, apumzike. Neno la siri la ukurasa anipe mimi."

Sabira aligeuka. "Nikupe wewe? Si umesema video ni aibu? Si ufungwe tu ukurasa?"

"La, la, usifungwe!" Kamaludin alisema haraka, akasahau ule upole. "Wafuasi wote wale wapotee bure? Tutabadilisha jina tu. Nina kontena la ndara linaingia mwezi ujao, Mjomba. Rangi kila aina. Watu wameshauzoea ukurasa, wanauamini. Tukiwawekea picha nzuri, wananunua wiki hiyo hiyo."

Nyundo za chumba cha nyuma zilikuwa zimenyamaza. Mafundi walikuwa wakisikiliza.

"Na makubadhi?" Mzee Ghulam aliuliza taratibu.

Kamaludin alitabasamu, akamwekea mkono begani. "Mjomba, umeshachoka. Macho yenyewe hayaoni uzi. Ni wakati wako kukaa na tasbihi. Na watu wa mitandaoni hawajui ngozi wala plastiki. Wao wanataka picha."

Mzee Ghulam aliutazama ule mkono uliokuwa begani kwake.

Sabira ndiye aliyejibu. Alitoka nyuma ya meza, akasimama katikati ya duka, na sauti yake ilitoka tulivu mpaka yeye mwenyewe akashangaa.

"Ngoja nielewe, Kamaludin. Miguu yangu ni aibu. Lakini watu walioifuata hiyo miguu si aibu?"

"Usipindue maneno yangu."

"Sijapindua. Nayarudia. Hukuja kumposa Sabira wewe. Umekuja kuuposa ukurasa, na mimi ni kitu cha kufungiwa kabatini."

"Tazama unavyomjibu mumeo!" Bi Hussaina alipiga paja lake.

"Si mume wangu, Shangazi."

"Atakuwa!"

"Hatakuwa. Nayasema mbele ya Baba ili kesho asije kuambiwa kwamba nilikaa kimya. Sitaolewa na Kamaludin. Video sifuti hata moja. Na neno la siri mtaning'oa meno yote, hamtalipata."

"Wallahi mtoto huyu amerogwa," alisema Bi Hussaina.

Tabasamu la Kamaludin lilikuwa limekauka. "Hajarogwa, Mama. Ana mtu wake. Nimeshaulizia. Yuamngojea yule mnuka samaki wa Liwatoni."

"Asalaam aleikum," ilisema sauti mlangoni.

*

Sabira hakuhitaji kugeuka. Ile sauti ya chini ilimpita mwilini kama maji baridi siku ya joto. Alikuwa amemwandikia ujumbe asubuhi: usije leo, nakuomba, kutakuwa na watu. Ngowa aliusoma. Hakujibu. Na sasa alikuwa amesimama pale kizingitini, ovaroli lake la buluu limelowa mikono, na miguuni amevaa yale yale makubadhi ya kahawia ambayo mji mzima ulikuwa ukiyaulizia.

"Waaleikum salaam," Mzee Ghulam alijibu, kwa kuwa salamu haiachwi bila jibu.

"Samahanini kwa harufu," Ngowa alisema. "Kaka amesema kweli, nanuka samaki. Nimetoka kazini moja kwa moja. Niliona nikienda nyumbani kuoga na kujipaka marashi kwanza, mtakuwa mmeshanimaliza nikiwa bafuni."

Mtu mmoja chumba cha nyuma alicheka, kisha akajikohoza.

"Wataka nini?" Mzee Ghulam aliuliza.

"Nimekuja kusema kwamba ule mguu ni wangu, Mzee."

Bi Hussaina alijifunika mdomo kwa mtandio.

"Nimesikia watu wanavyonong'ona huko barazani," Ngowa aliendelea. "Wanamtaja binti yako kana kwamba alisimama na mtu wa njiani asiyejulikana. Mimi najulikana. Jina langu Ngowa, babangu ni Jefwa, watu wa Kaloleni. Kazini kwangu wanijua, na msikitini wewe mwenyewe wanijua. Sikuja kuomba radhi kwa ile video. Ningekuja kuomba radhi kama ningekuwa nacheza. Sichezi. Namtaka Sabira kwa njia ya halali."

Hapo ndipo alipomtazama Sabira. Ilikuwa mara moja tu, kwa heshima ya wazee. Lakini mara moja hiyo ilitosha. Sabira aliona uchovu wa macho yake, akaona hofu pia, hofu ya mtu aliyejileta mwenyewe mahali asipotakwa, akaona jinsi alivyoikunja mikono yake mikubwa. Alitamani aishike. Alitamani amwambie, nilikuandikia usije, na moyoni nilikuwa naomba uje. Badala yake alisogea hatua mbili, akasimama upande wa mlango, upande wa Ngowa.

Mzee Ghulam aliziona zile hatua.

"Ghulam!" Bi Hussaina alisimama. "Utakaa usikilize haya? Nyumbani kwako? Mfukuze huyu mtu!"

Mzee Ghulam aliutoa mkono wa Kamaludin begani mwake, taratibu, kama mtu anayeondoa uzi kwenye nguo.

"Hussaina," alisema, "mchukue mwanao mwende."

"Mimi? Wanifukuza mimi, dada yako, kwa ajili ya huyu?"

"Si kwa ajili yake. Mwanao amegawa urithi wangu nami ningali hai, nimekaa hapa namtazama. Amebadilisha jina la duka la babangu, jina la babako wewe pia, mbele ya macho yangu, nawe umemkubalia kwa kichwa. Mimi nitakaa na tasbihi siku nitakayotaka. Na uzi nauona. Leo nimekuona hata wewe."

Bi Hussaina alijitanda mtandio wake. Aliivaa miwani yake ya jua, ingawa duka lilikuwa na kiza, akatoka bila kuaga. Kamaludin alimfuata. Alipofika mlangoni alimgeukia Sabira.

"Tutaona huo ukurasa utafika wapi bila watu wa maana nyuma yake."

"Usiache kuufuata, binamu," Sabira alimwambia. "Ndivyo utakavyoona."

*

Duka lilibaki na watu watatu. Sabira alikuwa na furaha iliyomjaa mpaka kooni. Alimgeukia babake, machozi yakimlengalenga, akiwa tayari kumkumbatia.

"Na wewe pia," Mzee Ghulam alimwambia Ngowa. "Toka."

"Baba!"

"Kumkataa yule si kukukubali wewe. Umenisikia, kijana? Nimemfukuza kwa dharau yake. Wewe hukunidharau, lakini binti yangu sikupi. Watu wangu watanitazama vipi? Nitasema nini?"

Sabira alihisi kama amepigwa. "Utasema nimempenda mtu mwenye adabu. Yakushinda maneno hayo?"

"Yananishinda, Sabira. Ndiyo, yananishinda. Mimi si wewe."

Ngowa alikuwa amekunja uso, si kwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyekuja akijua atapigwa na sasa anangoja maumivu yapungue. Alipozungumza, hakuipandisha sauti.

"Nimekusikia, Mzee. Leo nimekuja peke yangu kwa sababu lilikuwa jambo la mguu wangu. Posa si jambo la mtu mmoja. Ijumaa, baada ya swala, nitakuja na wazee wangu."

"Nitaufunga mlango."

"Nami nitaufungua," alisema Sabira.

Mzee Ghulam alimkazia macho. "Utanivunjia heshima mbele ya wageni?"

"Nitawakaribisha wageni waliotoka mbali. Hiyo ndiyo heshima uliyonifunza wewe na marehemu Mama. Mgeni haachwi kichochoroni."

"Nitaufunga tena."

"Nitaufungua tena, Baba. Mchana kutwa, ukitaka. Mafundi wako wapate cha kutazama."

Ngowa aliinamisha kichwa ili mzee asilione tabasamu lake. "Ijumaa, inshallah," alisema, akatoa salamu, akatoka. Sabira alimsindikiza kwa macho mpaka akapinda kona. Hakujificha nyuma ya pazia kama siku zote. Alisimama mlangoni kabisa, na wale wazee wa barazani waliokuwa wakinong'ona wakamtazama, naye akawatazama mpaka wakaanza kuulizana habari za mpira.

Aliporudi ndani, babake alikuwa amekaa, ameshika kipande cha ngozi bila kukikata. Nyundo za nyuma zilianza tena, moja kwanza, kisha zote. Sabira alirudi kwenye masanduku yake ya oda. Alibandika karatasi za majina moja baada ya moja, Nairobi, Malindi, Maskati, wala hakubandika hata moja upande.

"Ni wangapi?" Mzee Ghulam aliuliza ghafla.

"Nani, Baba?"

"Hao wazee wake." Alikuwa ameinamia ngozi, sauti kavu kama kawaida. "Nataka kujua ni watu wangapi nitakaowafungia mlango."

Sabira alilibana sanduku la mwisho kifuani, akamtazama babake kwa mapenzi yaliyomuuma, wala hakurudi nyuma hata kidogo.

"Sijui idadi yao, Baba," alisema. "Lakini nitapika vya kuwatosha wote."